Shangazi Akataa Kuchakaa

Siku Shangazi alipoanguka, pasi yake haikuanguka. Alihisi kichwa kimekuwa chepesi kama foronya tupu, masikio yakaanza kuvuma, na kabla macho hayajaingia giza akawahi kuisimamisha pasi wima, kama alivyozoea kufanya miaka yote. Ndipo akateleza taratibu ubavuni mwa meza, akajikuta chali juu ya sakafu ya saruji, kitambaa cha kichwa kimemwendea upande.

Wa kwanza kumfikia alikuwa Kidoti, mwenzake wa meza ya jirani, mwanamke mnene mwenye alama nyeusi juu ya mdomo na kicheko kinachosikika hadi jikoni. Siku hiyo hakucheka. Alimpepea kwa foronya huku akipiga kelele watu walete maji. Wa pili kufika alikuwa msimamizi wao, ambaye nyuma ya mgongo wake walimwita Bwana Saa, kwa sababu alikuwa akizungumza na watu huku macho yakiwa kwenye saa yake ya mkononi. Alitazama chini alipolala Shangazi, kisha akatazama juu ya meza.

"Shuka halijaungua?" akauliza.

Shangazi alikuwa amefumba macho, lakini masikio yalikuwa kazini. Maneno yale yalimwingia yakatafuta pa kukaa, yakakaa.

Ukumbi wao wa kupigia pasi ulikuwa chini kabisa ya hoteli. Madirisha yalikuwa membamba, yako juu karibu na dari, na kupitia vioo vyake ungeona viatu tu vya wapita njia. Hayakufunguliwa, eti vumbi la barabarani lingechafua nguo. Mvuke ulipanda kutoka mezani, ukagonga dari, ukarudi kama matone. Majira ya joto kuta zenyewe zilitoka jasho. Shangazi alikuwa amefanya kazi mle muda mrefu hata wageni wa kazi walidhani Shangazi ndilo jina lake alilopewa na wazazi. Ukweli ni kwamba zamani mpwa wake alifanya kazi hapo, akamwita hivyo mbele za watu. Mpwa aliondoka, jina likabaki.

Kesho yake alikwenda zahanati ya mtaani kwao. Daktari alikuwa msichana wa miwani, ambaye angeweza kuwa kitinda mimba wake. Alimpima presha, akamsikiliza kifua, akamtoa damu, na majibu yalipotoka akavuta kiti karibu.

"Mama, kwa siku unakunywa maji kiasi gani?"

"Nikiamka nakunywa chai."

"Nimeuliza maji."

Shangazi akatazama vidole vyake. "Choo kiko mbali, daktari, na kwenda mpaka uombe ruhusa. Sasa mtu akinywa maji, si atakuwa mtu wa kuomba ruhusa kutwa nzima?"

"Unalala saa ngapi?"

"Televisheni ikilala."

"Matunda na mboga unakula?"

"Yakibaki."

Daktari hakucheka, ingawa Shangazi alikuwa amempa nafasi. Alimwambia vipimo havikuonyesha ugonjwa mkubwa. Mwili umekauka, na umechoka. Shangazi alikuwa ametegemea walau sindano, kitu cha kwenda kuwaonyesha watu kwamba alikuwa mgonjwa kweli.

"Kwa hiyo hunipi kitu?"

"Nakupa kazi, mama. Wakati huu wa joto kunywa maji kabla kiu haijakushika, na mchana toka kwenye mvuke ukae kivulini upate hewa. Mvua zikija, usikae na miguu mibichi wala nguo iliyolowa. Baridi ikija, litafute jua, utembee, ule kitu cha moto. Na ulale. Lakini kizunguzungu kikirudi, au kifua kikibana, usikae nyumbani kuchemsha majani na kusikiliza majirani. Njoo hapa."

Alirudi nyumbani kwa miguu, akiwaza. Yeye aliyajua mashuka ya hoteli ile kama watoto wake. Alijua lipi linataka wanga na lipi linataka pasi ya moto mdogo. Alijua kwamba shuka likitoka kwenye pasi lazima lipumzike kwanza, ukilikunja lingali na moto linajikunyata na kuzeeka kabla ya siku zake. Mashuka ya watu wasiomjua yalikuwa yanapumzishwa. Yeye je, nani alimpumzisha?

"Basi, sichakai tena," akasema kwa sauti, mpaka mwanamume mmoja aliyekuwa akipishana naye akageuka kuangalia kama ameambiwa yeye.

Vita vya kwanza vilikuwa nyumbani. Mumewe alikuwa dereva wa lori aliyestaafu, mtu mwema, asiyegombana na mtu, ila televisheni aliipenda kama mke mdogo. Aliiwasha ikalia, akalala mbele yake akakoroma, na ukiizima anaamka na kusema alikuwa anaangalia.

"Baba watoto," Shangazi alimwambia jioni hiyo wakiwa mezani, "kuanzia leo, nikienda kulala hiyo kitu inazimwa."

"Na taarifa ya habari?"

"Itatokea bila wewe."

"Mama watoto, umeanguka kichwa au umeanguka mwili?"

"Nimeanguka vyote. Nimeamka vyote pia. Na jambo la pili." Alivuta bakuli la mchicha na lile la mapapai yaliyokatwa vipande, akajipakulia yeye kwanza. "Mimi sili tena yakibaki."

Mzee alitoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Kisha, kwa kuwa hakuwa mtu wa kugombana, akasogeza sahani yake mbele akasubiri zamu.

Vita vya pili vilikuwa kazini. Shangazi alikwenda na chupa kubwa ya maji, akaisimamisha mezani pale pale kando ya pasi, watu wote waione. Kila alipomaliza rundo la foronya alipiga mafunda. Na alipobanwa hakuomba ruhusa, alitoa taarifa: "Naenda chooni, narudi." Bwana Saa aliangalia saa yake. Aliporudi, akaiangalia tena.

"Leo umekwenda mara nyingi, Shangazi."

"Namshukuru Mungu, bosi. Wiki iliyopita nilikuwa siendi."

Kidoti akaangua kicheko, na kicheko cha Kidoti kilikuwa cha kuambukiza. Ukumbi mzima ukacheka.

Ilipofika saa ya mapumziko ya mchana, badala ya kukaa kwenye benchi la ukutani kama siku zote, Shangazi alichukua kifuko chake cha matango na machungwa akapanda ngazi za nyuma. Alipanda pole pole, akishika ukuta kila alipochoka, mpaka juu kabisa kwenye mlango wa chuma. Nyuma ya mlango kulikuwa na paa tambarare, matangi ya maji, na kamba za kuanikia za zamani, za kabla mashine za kukaushia hazijanunuliwa. Kivuli cha matangi kilikuwa kipana. Upepo ulikuwepo. Alikaa, akavua viatu, akakunjua vidole vya miguu kimoja kimoja kama mtu anayefungua mizigo. Akala tango. Hewa ilimwingia kifuani mpaka akahisi aibu, kama mtu aliyekuta chumba kizima ndani ya nyumba yake ambacho hajawahi kukifungua.

Haikupita wiki Kidoti alikuwa naye, akihema njiani na kulaani ngazi. Baadaye wakaongezeka wengine wa ukumbini, kila mmoja na chupa yake. Walipiga soga, wakanyoosha migongo, wengine walijilaza kidogo wakashuka na macho maangavu.

Kisha siku moja wakakuta kofuli mlangoni.

"Wageni wa ghorofa ya juu wanawaona," Bwana Saa alisema alipoulizwa. "Hoteli ina sura yake. Benchi la chini lipo, halina kasoro."

"Halina hewa," Shangazi alisema.

"Feni ipo."

"Feni inatuzungushia hewa ile ile tuliyokwisha kuivuta, bosi. Ni kama kula chakula kilichotafunwa."

"Nimemaliza," alisema Bwana Saa, akaangalia saa, akaondoka.

Wenzake waliteremka vichwa chini. Shangazi naye aliteremka, lakini alipofika ukumbini hakusimama. Alipita kwenye korido ya jikoni, akapita mbele ya mapokezi na sare yake ya bluu iliyolowa mgongoni, akasukuma mlango mkubwa wa kioo, akatoka. Mbele ya hoteli kulikuwa na ngazi pana za marumaru na miti miwili ya mapambo ndani ya vyungu. Aliketi kwenye ngazi, chini ya kivuli cha mti mmoja, akatandika leso mapajani, akaanza kumenya chungwa.

Mlinzi wa mlangoni alimjia mbio. "Shangazi, umepotea?"

"Hapana, baba. Nimefika."

"Hapa ni pa wageni."

"Nani alifua na kunyoosha walichokilalia jana hao wageni? Tunafahamiana." Akamkatia kipande. "Kula. Na wewe kutwa umesimama juani na kofia hiyo."

Mlinzi aliangalia kushoto, akaangalia kulia, akala. Mama mmoja mgeni, aliyekuwa akiingia na sanduku lake, alimsalimia Shangazi kwa heshima akidhani ni mtu mkubwa wa pale. Shangazi alimwitikia kwa heshima ile ile.

Bwana Saa hakumfukuza. Kumfukuza mtu kwa sababu ya chungwa kungehitaji maelezo. Alimhamishia chumba cha mashine za kufulia, na wakati huo ndio mvua zilikuwa zinaanza. Chumba kile maji yalitapakaa sakafuni tangu asubuhi hadi jioni, na waliofanya kazi mle walitoka na miguu iliyokunjamana kama zabibu kavu. Shangazi alipiga moyo konde. Kesho yake alikuja na viatu virefu vya mpira alivyoazima kwa mumewe, vikubwa kupita kiasi, akitembea kama bata. Ndani ya kifuko alikuwa na soksi kavu, fulana kavu ya kubadili, na chupa ya maji ya moto yenye tangawizi na limau. Waliomcheka asubuhi walimuuliza mchana amevipata wapi.

Hata hivyo, mvua ni mvua. Juma moja lenye manyunyu yasiyokatika, kikohozi kilimshika, kisha homa, kisha kifua kikaanza kubana. Mdogo wake alimletea chupa ya mizizi iliyochemshwa, nyeusi kama oili, akaapa kwamba imewaponya wengi. Shangazi alimshukuru, akaiweka dirishani, akaenda kwa daktari wa miwani. Alipewa dawa na kuambiwa azimalize zote hata akijisikia nafuu, na alale mpaka aitwe tena.

Simu ya Bwana Saa haikuchelewa.

"Shangazi, hoteli imejaa. Kikohozi tu ndio kimekuzuia?"

"Daktari amesema nilale."

"Wenzako wanakohoa na wanakuja."

"Ndiyo sababu hawaponi."

"Nafasi yako sitaweza kuilinda," alisema Bwana Saa.

Hapo ndipo Shangazi alipoogopa. Tusidanganyane, aliogopa. Hiyo kazi ilikuwa tegemeo la nyumba. Aliketi kitandani, shuka limemzunguka, akitazama sare yake iliyoning'inia nyuma ya mlango, mikono ikitaka kuifuata yenyewe. Mumewe alisimama mlangoni na kikombe cha supu.

"Unasemaje, mama watoto? Nikutolee viatu?"

Alikuwa hamshawishi wala hamzuii, alikuwa anauliza tu. Shangazi alikohoa mpaka machozi yakamtoka.

"Niletee hiyo supu," alisema. "Na hiyo nguo iondoe hapo mlangoni, inanitazama."

Akanywa supu, akameza dawa, akageukia ukutani akalala. Alilala mchana kweupe, siku ya kazi, wakati wenzake wanahenyeka. Tangu azaliwe hakuwahi kufanya jambo la ukaidi kuliko hilo. Kubeba mizigo mizito aliweza, kusimama kutwa aliweza. Kulala ndiko kulikomtoa jasho. Kila alipoamka alisikia sauti ikimwambia mvivu wewe, na kila mara aliijibu kimoyomoyo: nyamaza, natibiwa.

Homa ilishuka, kifua kikafunguka, daktari akamruhusu. Asubuhi aliyorudi kazini alikuwa amejiandaa kwa lolote. Alimkuta Kidoti anamsubiri nje ya mlango wa wafanyakazi, meno yote nje.

"Umekosa mambo, Shangazi! Twende nikuonyeshe tumekaa wapi kila mchana."

Tangu Shangazi alipougua, Kidoti alikuwa amewachukua wanawake wote wa ukumbi na kuwapeleka kwenye ngazi za mbele. Mvua ilipokatika walikaa kwenye marumaru, mvua iliponyesha walisimama chini ya paa la mlangoni wakinywa tangawizi kwenye vikombe vya plastiki. Bwana Saa alifoka mpaka sauti ikakauka. Wageni walianza kuwapiga picha. Sasa meneja mwenyewe alikuwa ameshuka na kutaka kumwona "huyo aliyeanzisha."

Meneja alikuwa mwanamke mrefu wa suti, mwenye maneno machache. Ofisini kwake Bwana Saa alikuwa amesimama pembeni. Shangazi hakungoja kukaribishwa, alikaa, maana miguu bado ilikuwa haijapata nguvu zake.

"Unataka nini?" aliuliza meneja.

"Kofuli litoke kwenye mlango wa paa."

"Tu?"

"Na madirisha ya ukumbini yafunguliwe. Na mtu akienda chooni asiandamwe kama mwizi. Na chumba cha mashine wapewe viatu vya mpira, vya saizi zao."

"Na wakianguka kutoka huko paani?" aliingilia Bwana Saa. "Jukumu la nani?"

Shangazi aligeuka akamtazama usoni. "Mimi nilianguka tayari, bosi. Sikuanguka kutoka paani. Nilianguka mbele yako, ukauliza habari za shuka."

Meneja alimtazama Bwana Saa. Bwana Saa, kwa mara ya kwanza, hakujua macho ayapeleke wapi.

"Vumbi la madirishani likichafua nguo?" meneja aliuliza.

"Weka wavu. Wavu unazuia vumbi, hauzuii pumzi."

Kofuli liliondolewa siku hiyo hiyo. Wavu ulichukua muda, viatu vilichukua muda zaidi na vilikuja vyote vya saizi moja, ikabidi wavirudishe. Shangazi alirudishwa kwenye meza yake. Bwana Saa alibaki msimamizi, wala hakubadilika tabia. Alijifunza tu kuuliza hali ya mtu kwanza, kisha shuka.

Majira ya baridi yalipoingia, paa likawa mahali pengine kabisa. Kivuli hakikutafutwa tena. Walifuata jua kama paka, wakisogea nalo kutoka pembe hii hadi pembe ile, wamejifunga mitandio, wakipakana mafuta kwenye vidole vilivyopasuka kwa wanga na mvuke. Asubuhi Shangazi alikuwa akitoka nyumbani mapema aje kwa miguu badala ya kupanda basi, na mumewe alimsindikiza hadi daraja la mtaa wa pili akinung'unika njia nzima kwamba pua yake imeganda. Lakini hakukosa hata siku moja.

Ndipo ukaja mkutano mkubwa. Hoteli ilijaa hadi vyumba vya akiba, na meneja akashuka mwenyewe ukumbini kutangaza: kwa siku zote za mkutano, hakuna mapumziko ya mchana, watakaobaki mezani watalipwa ziada, na ziada yenyewe ilikuwa ya kueleweka.

Watu walitazamana. Kidoti alikuwa wa kwanza kuinamisha uso. "Shangazi, mwanangu ana ada," alinong'ona.

"Najua. Baki, mama. Sijakwambia upande paani."

"Utanichukia?"

"Nikuchukie kwa lipi? Ila kunywa maji."

Saa ya mchana ilipofika Shangazi alisimamisha pasi yake, akachomoa waya, akachukua mtandio. Ukumbi mzima ulikuwa unamwangalia, pasi zote zinapumua mvuke. Meneja alikuwa bado yuko mlangoni.

"Umesikia nilichosema?" alimuuliza, bila ukali.

"Nimesikia, bosi. Ziada wapeni waliobaki, wanastahili. Kazi yangu ya leo itakwisha leo, nakuahidi. Lakini mchana huu nimeukomboa mwenyewe, siuuzi."

Akampita. Alipanda ngazi za nyuma bila kushika ukuta, akasukuma mlango wa chuma. Upepo wa baridi ulimpiga usoni mpaka macho yakalia. Paa lilikuwa tupu. Aligeuka mara moja kutazama mlangoni kama kuna atakayemfuata, na hakuna aliyemfuata. Moyo ulimwuma kidogo, asikatae.

Kisha akaanza kutembea, kuyazunguka matangi kwa hatua ndefu, mikono ikipaa na kushuka, mpaka damu ikachemka na mtandio ukawa wa kero. Alipopata joto la kutosha alichagua pale jua lilipokuwa kali zaidi, akakaa, akafungua chupa yake ya supu, na akainywa yote bila haraka.